Kipimo Chini ya Kochi

Kila siku, saa tisa na nusu alasiri, msichana mmoja wa darasa la sita alisimama mbele ya mlango wa nyumba yao, akavuta ufunguo alioufunga shingoni kwa kamba ya kiatu, akafungua, kisha akafanya jambo ambalo asingependa mwenzake yeyote wa darasani alione. Alipiga hodi. Nyumba ilikuwa tupu, na yeye alijua fika kwamba ilikuwa tupu. "Hodi!" alisema. Akangoja kidogo, akajijibu mwenyewe, "Karibu," halafu akaingia.

Jina lake la shuleni halitatusaidia kitu hapa. Bibi yake, mama mzazi wa baba yake, alimpa jina la Cherehani, kwa kuwa tangu alipojua kusema mdomo wake ulikwenda trrr mchana kutwa, wala uzi haukatiki. Jina likamganda. Lakini mwaka huo cherehani kilikuwa kimenyamaza. Mama yake alikuwa nchi ya mbali kwa mkataba wa miaka miwili, akiwatunza wazee wa watu wengine, na simu yake ilikuja Jumapili hadi Jumapili. Kaka hakuwa naye, dada hakuwa naye. Alibaki na baba tu.

Baba huyo alikuwa fundi makochi, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, hatua ishirini kutoka mlango wa jikoni. Utasema, basi upweke wa nini, na baba yuko hapo hapo? Ngoja nikwambie. Fundi makochi hushika misumari midogo kwa midomo. Anajaza kinywa, anatoa mmoja, anagonga, anatoa mwingine, anagonga. Cherehani angefika na habari zake zikiwa bado za moto: "Baba, leo mwalimu wa hesabu kaanguka na kiti!"

"Mm," angejibu baba.

"Baba, nimekuwa wa pili mtihani wa jiografia!"

"Mm."

Si kwamba hakumpenda mwanawe. Alimpenda mno. Ila mtu mwenye misumari kumi na mitano kinywani hana nafasi ya maneno, na kinywa cha baba kilijaa misumari tangu asubuhi mpaka jua linazama. Cherehani angesimama pale kidogo, akichora vumbi kwa kidole cha mguu, kisha angerudi ndani.

Na huko ndani, jamani, hakukuwa na pa kukaa! Sebule ya fundi makochi ilikuwa na viti viwili vya plastiki na stuli moja. Mara tatu baba alianza kutengeneza kochi la nyumbani, na mara zote tatu mteja alilikuta karakana, akalipenda, akaondoka nalo. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mwanzoni mwa mwaka Bibi alikuja kukaa nao baada ya kuanguka na kuumia nyonga. Siku mbili alizokuwapo nyumba ilikuwa na sauti: mtu anakohoa, mtu anaita, mtu anauliza chumvi iko wapi. Siku ya tatu alishindwa kuinuka kwenye kiti cha plastiki, akaomba mkoba wake.

"Mwanangu," alimwambia baba, "nyumba yako nzuri, ila haina pa kuniweka. Siku mkipata pa kukaa mtu mzima, niiteni. Nitakuja, na sitaondoka."

Akarudi kwa baba mdogo, ndugu yake baba. Cherehani aliyahifadhi maneno yale neno kwa neno.

Ndiyo maana baba alipomwambia kwamba Bibi angeletwa baada ya wiki tatu, Jumamosi, kuja kutazamwa nyonga hospitali na kurudishwa kesho yake, Cherehani alitupa begi chini.

"Tukiwa na kochi atabaki, Baba. Alisema mwenyewe!"

Baba aliitema misumari kiganjani. "Kochi si kazi, mama. Kazi ni ile kona ya ukumbini. Kochi refu halipiti pale, hata ulisimamishe wima. Au unataka Bibi akalie nje?"

Cherehani alichukua futi ya kupimia. Alikwenda kupima ukumbi, akapima mlango, akapima sebule. Kisha alichana karatasi ya daftari la hesabu, akachora sebule nzima kwenye miraba, akakata maboksi ya viatu vipande vinne vya kulingana. Alasiri tatu mfululizo alikuwa sakafuni akivisogeza vipande vile. Vikiwa kwenye mstari, ni kochi refu la wageni. Vikipinda, ni kochi la pembeni. Viwili huku na viwili kule, watu wanatazamana na kuzungumza. Na kila kimoja, peke yake, kinapita ukumbini bila kukwaruza ukuta.

Siku ya nne alimpelekea baba. "Si kochi moja, Baba. Ni vipande vinne vinavyoshikana kwa kulabu. Viwili vya mwisho vina mkono, ili Bibi apate pa kujisukumia akiinuka. Viwili vya katikati havina kitu, sponji tupu."

Baba alivigeuza vipande vya boksi mkononi, mara hivi, mara vile. Nyundo aliiweka chini. "Hili nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nilikuwa sina la kufanya."

"Basi wewe umechora, mimi nitashona," alisema baba, na Cherehani aliona meno yake, jambo ambalo halikuwa la kila siku. "Lakini sikiliza. Kochi halipimwi kwa chumba peke yake, linapimwa kwa mtu. Jumapili ukimpigia Bibi, mwambie akae, akanyage chini nyayo zote mbili, apimwe toka sakafuni hadi kwenye kunjo la goti. Hicho ndicho kimo cha kiti. Ukikosea hapo, umeharibu kila kitu."

Basi Jumapili ikafika, Cherehani akampigia Bibi. Akasema! Alisimulia habari za mwalimu na kiti, habari za mtihani wa jiografia, habari za jirani aliyefungiwa nje na mbuzi wake mwenyewe. Bibi alicheka, akauliza, akacheka tena. Maneno ya miezi yalimtoka yote kwa mkupuo, mpaka simu ikapata moto sikioni na salio likakatika. Aliiweka simu mezani akiwa anatabasamu. Kisha tabasamu likamkauka. Kipimo hakuuliza.

"Umepata?" baba aliita kutoka karakana. Tayari alikuwa ameshika msumeno.

Angeweza kusema, "Nimesahau." Neno moja tu. Lakini baba alikuwa amemsifu kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke, na aliona haya kuonekana mtoto. Alikaa haraka kwenye stuli, akajipima mguu wake mwenyewe.

"Sentimita thelathini na nane, Baba!"

Baba akatokea mlangoni. "Thelathini na nane? Mama yangu? Mama ana miguu mirefu kunizidi mimi."

"Ndivyo alivyosema," alijibu Cherehani, akitazama futi.

"Mh. Labda tangu alipoanguka..." Baba akauinua tena msumeno. "Haya. Mimi sibishani na futi."

Baba alikuwa na desturi yake ya kazi. Kila kiti alichotengeneza aliandika chini yake, kwenye ubao usioonekana, kwa penseli: jina la mtu aliyepimwa na kipimo chake. Alisema kiti kikirudi kwake baada ya miaka kumi atajua kilikuwa cha nani. Cherehani alisimama pembeni akamtazama akiandika chini ya fremu zote nne, kwa mwandiko wake wa taratibu: *Mama, 38. Mama, 38. Mama, 38. Mama, 38.* Akasema anakwenda kuanua nguo.

Kochi lilikamilika Alhamisi ya wiki ile aliyokuwa anakuja Bibi. Lilikuwa zuri, usipime. Kitambaa cha kijani kibichi, mishono imenyooka, sponji nono lakini halizami ovyo. Vipande vilipita ukumbini kimoja kimoja, na kulabu ziliposhikana zililia ka! kama mlango wa gari. Fundi saa, mzee wa kibanda cha jirani, alikuja kulitazama. Ni mtu wa mizaha, na magoti yake yalikuwa yamechoka kitambo.

"Shikamoo, babu. Karibu ukae," alisema Cherehani.

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo nakaa kama waziri!" Akakaa. Magoti yake yakapanda mpaka karibu na kidevu. Alipotaka kuinuka, alijisukuma mara ya kwanza, akarudi. Mara ya pili, akarudi. "He! Fundi! Mmeniuzia kochi au mmenitega kama panya? Niletee winchi!"

Wote walicheka, baba akamshika mikono miwili akamvuta. "Usilaumu kochi, mzee. Limepimwa kwa mama yangu, si kwako."

Fundi saa alipokwisha kwenda, baba hakurudi karakana. Alikaa kwenye kile kipande cha mwisho chenye mkono, magoti juu, akatazama sakafu.

"Mimi si mrefu kama mama," alisema polepole, nusu akijisemea mwenyewe, "na hapa naumia. Kumbe mama yangu kapungua kiasi hiki. Miezi yote hii sikwenda hata kumwona. Nagonga misumari tu."

Akajifuta uso kwa kiganja, akatoka. Cherehani alibaki kasimama katikati ya sebule. Alikuwa amezoea kuwa peke yake, lakini siku ile aliona kama nyumba nzima imemtenga. Alikuwa amemfanya baba yake amwomboleze mama yake aliye mzima.

Kesho yake, Ijumaa, alirudi kutoka shule mbio. Hakupiga hodi. Alikunja blanketi lake mara nne, akalisokomeza chini ya sponji ili kiti kipande juu. Alipokaa aliteleza, akatua sakafuni kwa makalio. Akajaribu na magazeti. Kiti kikabonyea upande mmoja. Akajaribu na vitabu vya shule, na hapo kikawa kigumu kuliko kiti cha plastiki. Alikaa chini akiegemea kochi, vitabu vimemzunguka, akalia. Alimwona Bibi kichwani mwake akijisukuma mara ya kwanza, akirudi. Mara ya pili, akirudi. Kisha akiomba mkoba wake.

Mwishowe alipiga moyo konde, akachukua simu.

"Bibi, shikamoo. Kaa kwenye kiti. Kanyaga chini nyayo zote mbili. Mwambie baba mdogo akupime toka chini mpaka kwenye kunjo la goti."

"Marahaba. Leo hata salamu zangu hazina nafasi?" alisema Bibi. Zikasikika kelele za kiti, za futi kutafutwa, za baba mdogo kulalamika. "Arobaini na sita. Mbona umechelewa kuniuliza, nami nakuja kesho? Jumapili ile tulizungumza mpaka simu ikatushinda."

"Nilisahau, Bibi. Nilikuwa na maneno mengi. Humu ndani hakuna mtu wa kuzungumza naye. Nikifika napiga hodi na kujijibu mwenyewe." Akavitazama vitabu sakafuni. "Halafu nikamwambia Baba kipimo cha uongo. Kochi zima ni la uongo."

Bibi akamuuliza, "Umemwambia baba yako?"

"Bado."

"Basi mimi nakata simu. Maneno hayo si yangu."

Cherehani aligeuka, na baba yake alikuwa mlangoni, kinywa kimejaa misumari. Haikujulikana alisimama pale tangu lini. Cherehani akayasema yote upya, hata yale aliyoyasikia tayari: kusahau, stuli, mguu wake mwenyewe, thelathini na nane. "Bibi hajapungua, Baba. Ni mimi niliyempunguza."

Baba alitoa misumari, mmoja mmoja, akaiweka kwenye kopo. Kisha akafanya jambo ambalo Cherehani hakulitarajia: alishusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Arobaini na sita," alisema. "Mama yangu yuko vile vile." Halafu uso wake ukawa mkali. "Lakini umenikosesha usingizi, unajua? Usiku kucha nimemfikiria mama yangu amekwisha. Uongo ni kama msumari uliosahauliwa ndani ya sponji. Juu kitambaa kinang'aa, lakini yupo mtu atakayeukalia."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Sasa futa machozi, shika bisibisi. Lingekuwa kochi moja refu tungelia wote wawili. Hili ni la vipande. Kipindue hicho."

Wakapindua kipande cha kwanza, wakafungua miguu yake mifupi. Baba alikata miguu mipya yenye sentimita nane za ziada, Cherehani akaipiga msasa mpaka vidole vikamwaka moto, wakaifunga. Wakafanya cha pili, wakafanya cha tatu. Na wakati wote ule kopo la misumari lilikaa sakafuni, na baba akauliza, "Ehe, na huyo mwalimu wa hesabu alianguka vipi?" Cherehani akamsimulia. Baba alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka.

Jua lilikuwa limeshuka walipofika kwenye kipande cha nne, kimoja cha vile visivyo na mikono. Cherehani alikipindua. Baba akakitazama, akatikisa kichwa.

"Hiki tukiache. Kipimo chake ni cha kweli. Jina tu ndilo la uongo." Akafuta neno *Mama* kwa kifutio, akampa bintiye penseli. "Andika mwenyewe."

Akaandika: *Cherehani, 38.* Kisha chini ya vile vitatu vingine alikata thelathini na nane kwa mstari mmoja, akaandika arobaini na sita. Baba hakumruhusu kufuta zile za zamani. Alisema zikae hapo, mtu akipindua azione zote mbili.

Jumamosi Bibi alifika na fimbo yake na mkoba wake, baba mdogo nyuma akihema. Hakutaka chai kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye kochi, akalizunguka, akalipiga kwa kiganja kama anayekagua mbuzi mnadani. Akakaa. Nyayo zake zote mbili zilikanyaga sakafu. Cherehani alisahau kupumua. Bibi akaweka mkono kwenye mkono wa kochi, akajisukuma, akainuka mara moja bila kushikwa na mtu. Akakaa tena. Akainuka tena, safari hii kwa kujionyesha.

"Mwanangu huandika chini ya viti vyake," alisema. "Nisomeeni."

Baba akamsomea, ya zamani na mapya. Bibi akamvuta Cherehani, akamkalisha kwenye kile kiti kifupi kilichokuwa kando yake.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema sijui. Ukisahau, sema nimesahau. Aibu yake ni ya dakika moja, na mtu hupimwa upya, mambo yakaendelea. Ukidanganya, wenzako wanajenga juu ya uongo wako, na wao hawajui. Hilo moja. La pili ni hili: upweke nao ni kitu cha kusemwa. Ungemwambia baba yako mapema kwamba unapiga hodi na kujijibu, usingekuwa na maneno ya miezi ya kunimwagia siku moja mpaka ukasahau goti langu." Akamgeukia baba. "Na wewe, misumari ina kopo lake. Kinywa ni cha mtoto wako."

"Ndiyo, mama," alisema baba, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jioni ile baba mdogo aliuliza kesho waondoke saa ngapi. Bibi alimtazama kama asiyeelewa swali.

"Wewe ondoka saa unayotaka. Mkoba wangu upelekeni chumbani."

Jumatatu, saa tisa na nusu alasiri, Cherehani alisimama mbele ya mlango. Aligusa shingoni. Kamba ya kiatu haikuwapo, ufunguo aliuacha asubuhi ukining'inia ukutani kwa kuwa sasa ndani kuna Bibi, na alikuwa ameshasahau. Akapiga hodi kwa mazoea, akafungua kinywa ajijibu.

"Karibu, Cherehani!" sauti ikamtangulia kutoka kwenye kochi. "Ingia upesi, kiti chako kinakungoja. Ehe, leo kaanguka nani?"